Namna ya kusoma eksirei ya kifua kabla ya kutaja ugonjwa

Ukiwa tabibu katika kituo cha afya, iwe Chunya, Makete au Mufindi, usikimbilie doa la kwanza unaloliona. Hakiki jina, tarehe na alama ya upande, kisha upime ubora wa picha. Ncha za ndani za mitulinga (mifupa ya juu ya kifua, kati ya shingo na mabega) ziwe mbali sawasawa na mstari wa katikati ya uti wa mgongo. Zisipokuwa hivyo, mgonjwa alijipinda, na moyo wake unaweza kuonekana umehama. Hesabu pia mbavu za nyuma zilizo juu ya kiwambo, yaani msuli unaotenganisha kifua na tumbo: zikifika tisa au kumi, alivuta pumzi ya kutosha, zikipungua, mapafu yaliyobanwa huweza kudhaniwa yana nimonia.

Moyo hupimwa kwa rula. Gawanya upana wake mkubwa kwa upana wa ndani wa kifua; kwa mtu mzima, jibu likizidi 0.5, shuku kuwa umetanuka. Kipimo hiki kinafaa pale mgonjwa aliposimama na mionzi ikapita kutoka mgongoni kwenda mbele, kwa sababu picha ya aliyelala kitandani, mionzi ikitokea mbele, huukuza moyo usio na tatizo. Moyo mkubwa, mishipa ya damu ya sehemu ya juu ya mapafu iliyonenepa na vimistari vya mlalo pembezoni mwa mapafu, chini, vikionekana pamoja, huelekeza kwenye moyo kushindwa kufanya kazi. Moyo ukiwa wa mviringo kama mtungi, fikiria maji kwenye mfuko wa moyo, ambayo huku kwetu kifua kikuu ni chanzo chake kimojawapo, na uombe ultrasaundi.

Mapafu yalinganishe kulia na kushoto, kutoka juu hadi chini. Mashimo sehemu ya juu huashiria kifua kikuu, lakini mwenye VVU ambaye kinga yake imeshuka sana anaweza kuwa nacho na picha ikawa safi. Makohozi yapimwe hata hivyo. Kwa mchimbaji dhahabu, vinundu vingi vidogo sehemu za juu, pande zote mbili, vinaweza kuwa silikosisi, ugonjwa wa mapafu unaoletwa na kuvuta vumbi la mawe. Muulize aliponda mawe kwa miaka mingapi, kisha mpime kifua kikuu pia, maana silikosisi huongeza hatari yake.

Mgonjwa anayehema kwa shida, presha imeshuka, na upande mmoja wa kifua hausikiki pumzi huku ukigongwa unalia kama ulio tupu, asisubiri picha: hewa iliyonaswa kati ya pafu na ukuta wa kifua na kulibana pafu itolewe papo hapo.