Kikadi cha sauti cha USB: maiki ikikaa kimya, hesabu kwanza mistari ya pini

Ustadhi mmoja wa Ujiji alinifuata kibandani kwangu Mwanga, laptopu yake kaifunga kwenye mfuko wa salfeti. Tundu la hedifoni lilikuwa limekufa siku nyingi, kwa hiyo alijinunulia kikadi cha sauti cha USB ili arekodi darsa na kuwatumia wanafunzi wake wa Kasulu na Uvinza kwa WhatsApp. "Fundi," akasema, "nasoma robo saa nzima, nikija kusikiliza nakuta upepo mtupu." Duka la kwanza walikuwa wamemwambia kikadi ni kibovu, anunue kingine. Akanunua. Upepo ule ule.

Vikadi vyote viwili vilikuwa vizima. Nilijua hivyo kabla hajamaliza kueleza, maana mimi mwenyewe miaka ya nyuma ugonjwa huo ulinilia Jumamosi nzima.

1. Kununua

Kikadi chenyewe kina umbo la fleshi. Upande mmoja USB, upande wa pili matundu mawili: la kijani ni la hedifoni au spika, la pinki ni la maiki. Bei yake ni kama mlo wa watu wawili, ugali na mgebuka. Usiongeze hata shilingi kwa sababu ganda limeandikwa 7.1, yaani sauti ya spika nane. Inayotoka humo ni sauti ya kushoto na ya kulia, basi, na maiki inaingia kwa njia moja tu. Hiyo 7.1 ni mazingaombwe ya programu.

Mimi huchukua chenye kipande cha waya kati ya USB na matundu. Vile vigumu vinavyochomoza kama kidole sivipendi kabisa: mtoto akipita akakigonga, tundu la USB la laptopu linalegea, na kulibadilisha ni ghali kuliko vikadi kadhaa. Ukikuta chenye tundu moja tu, soma hatua ya 3 kabla hujatoa hela.

2. Kuchomeka

Chomeka. Windows 10, Windows 11 na Linux zote zinakitambua zenyewe. Kile kisidii kinachokuja kwenye boksi wape watoto wachezee. Ila zoea tundu moja la USB. Ukihamia tundu jingine, Windows inaweza kukichukulia kama mgeni, na mipangilio yote ya hatua ya 5 ikarudi mwanzo. Tundu langu nimeliwekea tone la rangi ya kucha ya mke wangu.

3. Pini

Hapa ndipo watu wanapolia.

Shika pini ya waya wako, isogeze kwenye mwanga, uhesabu mistari ya plastiki iliyoizunguka. Mara nyingi ni myeusi, mingine myeupe au ya kijani. Mistari miwili maana yake pini ina vipande vitatu vya chuma. Mistari mitatu, vipande vinne. Hedifoni ya simu yenye maiki kwenye waya ina mistari mitatu: kuanzia nchani ni sauti ya kushoto, ya kulia, kisha waya wa chini unaorudisha umeme, na kipande cha mwisho kabisa karibu na mpini ndiyo maiki. Hivyo ndivyo simu nyingi za sasa zilivyopangwa.

Tundu la pinki la kikadi halijui habari hiyo. Lenyewe linatafuta maiki nchani mwa pini, na nchani mwa hedifoni ya simu kuna spika ya sikio la kushoto. Kwa hiyo unapata kimya, au upepo, au sauti ya mtu aliyeko kisimani. Hakuna kilichoharibika. Wamekutana wageni wasiojua lugha ya mwenzake.

Tundu la kijani nalo lina kituko chake. Ukichomeka pini hiyo ya mistari mitatu, mara nyingine muziki unacheza lakini mwimbaji hayupo: ngoma zinasikika, gitaa linasikika, yeye kaenda mbali. Bonyeza kitufe cha maiki kilicho kwenye waya na ukishikilie. Mwimbaji akirudi, basi waya wa chini haujagusana vizuri na tundu, na kitufe ndicho kinachoushikisha kwa njia ya panya. Bila waya huo unasikia tu tofauti kati ya kushoto na kulia, na mwimbaji huwa amewekwa sawasawa pande zote mbili, ndiyo maana anatoweka. Kuna wanaovuta pini nje kiasi cha punje ya mchele ili igusane. Itafanya kazi mpaka utakapogeuza shingo.

Dawa ni kiwaya cha kugawa chenye umbo la Y, na hapa nakuomba usome taratibu, kwa sababu viwaya vya Y viko vya aina tatu, vyote vinaning'inia msumari mmoja dukani, na muuzaji atakwambia ni kitu kimoja:

Cha kwanza kina dume moja na majike mawili, na majike yote yana alama ya hedifoni. Hicho ni cha watu wawili kusikiliza simu moja. Hakikufai.

Cha pili pia kina dume moja na majike mawili, lakini jike moja lina alama ya maiki. Kinachukua hedifoni na maiki za kompyuta kuzipeleka kwenye simu. Ni safari ya kinyume. Hakikufai.

Cha tatu kina jike moja na madume mawili. Jike linapokea hedifoni ya simu, dume moja linaingia kijani na jingine pinki. Ndicho hicho. Kama huna muda wa kukariri, kariri hili tu: madume mawili. Mimi nilinunua cha kwanza, nikarudi nikanunua cha pili, na mara ya tatu nilikwenda na kikadi chenyewe mkononi nikachomeka pale pale kaunta.

Zile maiki ndogo za kubana kwenye kola nyingi zimetengenezewa simu, nazo zina mistari mitatu, kwa hiyo nazo zinahitaji kiwaya hicho. Ya Ustadhi ilikuwa hiyo hiyo. Na kikadi cha tundu moja ni kinyume: kwa kawaida kinataka pini ya mistari mitatu, na ukikipa maiki ya kompyuta yenye mistari miwili kinanyamaza.

Maiki kubwa ya kuimbia, yenye pini nene, iache. Ina sauti ndogo mno kwa kikadi hiki. Utapandisha mpaka mwisho na utakachopandisha ni mvumo. Wala usichukue waya kutoka kwenye miksa ya msikiti au kanisa ukauchomeka pinki. Tundu la pinki limezoea mnong'ono, na miksa inapiga kelele. Sauti itapasuka hata ukishusha kila kitu.

4. Kuichagua kwenye kompyuta

Kwenye "Sound settings" chagua kifaa kinachoitwa "USB Audio Device" au "USB PnP Sound Device", kwa kutoa na kwa kuingiza. Ni sehemu mbili, wengi wanagusa moja. Ukitumia Audacity, programu ya kurekodi, ifungue baada ya kuchomeka kikadi, maana iliyofunguliwa mapema haikioni. Weka mono, yaani njia moja ya sauti. Kama bado kimya, angalia kwenye "Privacy" kama programu zimeruhusiwa kutumia maiki.

5. Kuzima AGC (kujipandishia sauti)

Ukirekodi sasa utasikia kitu cha ajabu: Ustadhi akisema sauti ni safi, akinyamaza kumeza mate, mvumo unapanda polepole kama maji ya mvua mtaroni, akisema tena unazama. Kikadi kinajipandishia sauti chenyewe kila kinaposikia kimya. Fungua ile paneli ya zamani ya sauti, sehemu ya "Recording", bofya maiki mara mbili, nenda "Custom" uondoe tiki kwenye "AGC". Kwenye Linux andika alsamixer kwenye terminal: F6 kuchagua kikadi, F5 kuonyesha vyote, kisha unafika kwenye "Auto Gain Control" na kubonyeza M. Baada ya hapo panga kiwango kwa mkono, ukisema kwa nguvu ile ile utakayosomea. Kilele kikicheza kati ya -12 na -6 dB kwenye Audacity, inatosha.

6. Chaja

Ukirekodi, ichomoe. Tumia betri. Kama muungurumo umeisha, ulikuwa wa chaja. Na ukisikia mvua inakuja, ahirisha. Bati halina mipangilio.

7. Kutuma

Kwa mono ya biti 16 na kHz 48, WAV, faili la sauti lisilobanwa, inakula karibu MB 5.8 kila dakika, kwa hiyo darsa ya dakika 20 ni kama MB 115, mzigo wa kuua bando la mtu wa Uvinza. Itoe kwa MP3, mono, kbps 64: inashuka hadi karibu MB 10 na maneno yanasikika vizuri. WAV usiifute mpaka umeisikiliza MP3 yote kwa simu, na simu yenyewe ile ya kawaida ambayo wanafunzi wanayo.