Kunazi ipi ichumwe, ipi iachwe mtini

Mkunazi hauivishi kwa mkupuo. Katika tawi moja utakuta kunazi za kijani ngumu kama kokoto, nyingine zimeingia manjano, nyingine zimekunjamana zinangoja upepo tu. Ndiyo maana kupopoa kwa mawe au kuutikisa mti mzima ni hasara: nusu ya pakacha huwa mbichi, na mbichi haiivi nyumbani. Hunyauka na ukakasi wake.

Tazama rangi, lakini itazame upande wa kivulini, karibu na kikonyo. Jua la Lamu huwahisha wekundu upande mmoja wakati nyama ya ndani bado. Manjano yakishafika kwenye kikonyo, ing'ate moja: nyama nyeupe, inakatika kwa mlio, uchachu na utamu pamoja. Hiyo ndiyo ya kula hivyo hivyo kwa chumvi na pilipili. Ikiingia mabaka ya hudhurungi, uchachu hupungua na nyama hulegea. Ikigeuka hudhurungi yote na ngozi ikajikunja, ni ya kuanika.

Kisha jaribu kwa vidole. Izungushe kidogo bila kuvuta. Iliyoiva hubanduka yenyewe. Ikiondoka na tawi, iache, urudi baada ya siku 2 au 3.

Chuma umande ukishakauka, kwani kunazi yenye maji huota ukungu pakachani. Vuta tawi kwa upembo, ile fimbo yenye ndoana, polepole, usilivunje: majani ya mkunazi ndiyo sisi Waislamu tunayooshea maiti wetu, na mti uliokatwakatwa ovyo ni hasara ya mtaa mzima. Miiba yake hukaa miwili miwili, mmoja umenyooka, mwingine umepinda kama ndoana. Huo uliopinda ukikunasa, usirudishe mkono nyuma. Usukume mbele kwanza, utajinasua.

Adui mkubwa ni funza. Inzi hutaga ndani ya kunazi ingali changa, na yenye funza mara nyingi hugeuka manjano na kuanguka kabla ya wenzake. Kwa hiyo zile za mwanzo kabisa zisikutie tamaa. Pasua tatu nne kabla ya kujaza pakacha. Ukiona kibonyeo cheusi kwenye ngozi na uchafu wa kahawia kuzunguka kokwa, mti huo una funza. Okota zote zilizoanguka uwape mbuzi au uzifukie chini sana. Zikibaki hapo, funza huingia mchangani, hutoka wakiwa inzi, wakapanda tena mti uleule.

Za manjano zitandaze kivulini, zitakaa siku kadhaa. Za hudhurungi zianike juu ya mkeka, safu moja tu, uzigeuze kila siku na kuziingiza ndani kabla ya magharibi, maana unyevu wa bahari wa usiku hurudisha kazi yote nyuma. Zimekauka pale ukiibonyeza ngozi isinate kidoleni.