Kufundisha auditoriamu iliyojaa, hapa Bukavu

Anza na silabisi, yaani kijitabu cha kozi. Usiwalazimishe wanafunzi kuinunua: mwachie kiongozi wa promosheni (wanafunzi wa mwaka mmoja) nakala moja, kila mtu apige picha kwa simu au atoe kopi ya kurasa anazohitaji. Aliyekosa hela asikose alama.

Kisha lugha. Kozi ni ya Kifaransa, sawa, lakini swali likiwa gumu waache walijadili wanne wanne kwa Kiswahili au Mashi, halafu mmoja aeleze kwa Kifaransa. Mpe nafasi kwanza aliyekaa nyuma. Wa mbele wamezoea kusema. Kwenye somo la kodi, mtoto wa muuza samaki wa soko la Kadutu anajua ushuru kuliko mwalimu.

Usidai kazi zichapwe, umeme unakatika. Na mtihani wa jioni ukatae kabisa: wasichana wanaoishi mtaa wa Panzi watarudi gizani.