Kuvua vifaa kinga bila kujiambukiza: kwa wahudumu wa wodi za Uviko-19

Muulize muuguzi namna virusi vya Uviko-19 vinavyoenea, atakujibu bila kusita. Sasa mtazame anapotoka wodini baada ya zamu: jasho linamtiririka, barakoa imelowa, miwani imejaa ukungu. Glovu bado ziko mikononi, na mkono wa kwanza kunyanyuka unakwenda kukuna pua. Elimu anayo. Kinachomponza ni uchovu na haraka ya kuvua, kwa hiyo kuvua kuna haja ya kufanyiwa mazoezi kama tunavyofanyia mazoezi kumhudumia mgonjwa aliyeishiwa pumzi.

Taratibu za kuvua ziko zaidi ya moja. Chagueni moja, ibandikeni ukutani kwa maandishi makubwa, na wote muifuate. Hii inafaa wodi nyingi:

1. Glovu. Bana ya kwanza kwa nje karibu na kifundo, igeuze ndani nje huku ukiivuta, ibaki kwenye kiganja chenye glovu. Ingiza vidole viwili vitupu chini ya ukingo wa ile ya pili na uivute iimeze ya kwanza. Takasa mikono.
2. Gauni. Fungua kamba za nyuma, livute kutoka mabegani, ulikunje upande wa ndani ukiwa nje. Kifua na mikono ya gauni ndivyo vichafu kuliko vyote, visiguse nguo zako. Takasa mikono.
3. Toka chumbani, funga mlango. Vua miwani kwa kushika mkanda wa nyuma, kamwe si kioo.
4. Barakoa ya N95 (ile inayobana uso na kuchuja chembe ndogo za hewani): inama kidogo, funga macho, vuta mkanda wa chini kwanza, kisha wa juu. Usiguse mbele. Takasa mikono tena.

Kutakasa kwa kitakasa mikono chenye kileo ni sekunde 20 hadi 30. Kwa maji na sabuni, 40 hadi 60. Chupa iwe palepale unapovulia, si hatua kumi mbele. Ikiwa mbali, watu wataruka hatua ya kati, na huwezi kuwalaumu. Awepo pia mwenzako wa kukusomea hatua kwa sauti bila kukugusa. Mtu aliyechoka hasikii mwili wake unavyokosea.

Kabla ya kuingia, N95 ipimwe kila inapovaliwa: funika kwa viganja viwili, pumua nje kwa nguvu. Hewa ikitoka pembeni ya pua, kaza chuma cha puani. Ikitoka mashavuni, rekebisha mikanda. Ndevu huacha mwanya ambao hakuna mkanda unaouziba. N95 zikiwa chache, watangulizwe wanaoingiza mpira wa kupumulia, wanaofyonza makohozi na wanaofufua moyo.

Klorini huharibiwa sana na makadirio ya macho. Soma asilimia kwenye lebo, igawe kwa asilimia unayoitaka, toa moja: jibu ni sehemu za maji kwa sehemu moja ya dawa. Jiki ya 3.5% kupata 0.5% ya kusafishia damu na majimaji ya mwili: 3.5 ÷ 0.5 = 7, toa 1, maji sehemu 6. Kupata 0.1% ya kufutia meza, vitasa na vitanda: maji sehemu 34. Klorini ya unga yenye 70%, gramu 7 kwa lita hutoa 0.5%. Changanya kwenye ndoo ya plastiki, andika saa, mwaga baada ya saa 24. Jua na joto huipunguza nguvu mapema zaidi.

Damu ikimwagika, ifyonze kwanza kwa kitambaa, kisha mimina klorini, subiri dakika 10, futa. Ukiimimina juu ya dimbwi, damu yenyewe huila nguvu. Usiichanganye na dawa ya choo yenye asidi wala yenye amonia, gesi yake huunguza mapafu. Na usimpulizie mtu: vibanda vya kupuliza dawa vilivyowekwa malangoni mwaka 2020 viliwasha macho na ngozi, na aliyeambukizwa alipita na virusi vyake mapafuni.

Halafu chumba cha chai. Wodini tunajihami, tukifika kwenye chai tunashusha barakoa na kukaa bega kwa bega, maana huyu ni mwenzetu. Virusi havijui mwenzetu. Nyweni kwa zamu, madirisha ya pande mbili yakiwa wazi, au toeni benchi nje.

Mwenye homa au kikohozi asipangwe zamu. Hapa kazi ni ya mganga mfawidhi: atamke mapema, mbele ya wote, kwamba atakayeripoti dalili hatakatwa posho wala kusemwa vibaya, na aandike jina la atakayeshika nafasi yake. Bila hilo, mhudumu atameza vidonge vya homa na kuja kazini.