Jinsi ya kupima athari ya mnato wa majimaji katika mwendo na matumizi ya nishati ya mbegu za kiume

Anayetaka kujua mnato, yaani uzito wa majimaji unaoyafanya yatiririke kwa shida, unavyoiathiri mbegu ya kiume asiishie kupima kasi. Mbegu ya binadamu, yenye urefu wa takriban mikromita 50 hadi 60, ni ndogo kiasi kwamba ikiacha kupiga mkia husimama papo hapo. Mnato ukiongezeka, ukinzani unaokirudisha kichwa nyuma huongezeka, lakini msukumo wa mkia nao hupata kitu kizito zaidi cha kusukumia. Kwa hiyo kasi huweza kubadilika kidogo tu huku nishati inayotumika ikipanda sana.

Yaache kwanza manii yayeyuke katika nyuzi joto 37, kazi ambayo kwa kawaida huisha ndani ya saa moja, kisha zitenge mbegu na uzigawe katika vimiminika vyenye chumvi na glukosi sawasawa, vinavyotofautiana kwa kiasi cha methiliselulosi peke yake, unga unaoyafanya majimaji kuwa mazito. Unga huo utawanywe kwenye maji ya moto, ndipo yapoozwe huku yakikorogwa, kwani ukimwagwa moja kwa moja kwenye maji baridi hufanya madonge. Mnato nao upimwe katika nyuzi 37 zilezile, maana hushuka joto linapopanda.

Tazama kwa hadubini yenye kamera ya kasi, ukitumia chumba chenye kina kisichopungua mikromita 20 ili mkia usibanwe. Katika majimaji mepesi kichwa huyumba huku na huku. Katika mazito mapigo hupungua, mkunjo karibu na kichwa hufifia na kuhamia nchani mwa mkia, na njia hunyooka. Mabadiliko haya ya mkia ndiyo yanayostahili muda wako mwingi.

Umbo la wimbi la mkia likibaki lilelile, nishati inayotolewa kwa sekunde hulingana na mnato ukizidishwa kwa mraba wa idadi ya mapigo kwa sekunde. Mnato ukiongezeka mara 10 na mapigo yakapungua kwa nusu, nishati hupanda mara 2.5. Umbo likibadilika, hesabu hiyo haitoshi, na itabidi mkia uchorwe fremu kwa fremu. Kumbuka pia kwamba nishati ya ATP, kemikali inayobeba nishati ndani ya seli, inayotumika huzidi kiasi hicho, kwa kuwa si yote inayoishia kuyasukuma majimaji.

Mwishowe zirudishe baadhi ya mbegu kwenye majimaji mepesi: mapigo yakirejea kama awali, kilichozipunguza ni uzito wa majimaji, wala si kudhurika wala kuishiwa nishati.