Jinsi ya kuwaonyesha majirani roboti ikitua Mirihi bila watu kuondoka katikati

Ndugu zangu wa Arua hapa Uganda na kwingine, kuna roboti ya Ulaya inaitwa Rosalind Franklin, imepangwa kuruka 2028 na kutua Mirihi 2030, na mimi nataka siku hiyo bibanda vyetu vya kuonyesha video vijae kama siku ya fainali, ndio maana naandika mapema hivi. Nimeshaonyesha watu mara moja, usiku wa 18 Februari 2021 roboti ya Marekani, Perseverance, ikitua. Bibanda vilikuwa vimefungwa na kafyu ipo, kwahiyo tulikuwa watu wa ua mmoja tu, laptopu moja na spika, na kuna vitu nilikosea ambavyo wewe usivirudie.

Anza na saa. Tafuta saa ya kutua kwa UTC, ile saa ya kimataifa, ongeza tatu ndio upate ya kwetu. Perseverance ilikuwa 20:55, kwetu ikawa saa sita kasoro dakika tano usiku. Curiosity, roboti yao nyingine ya 2012, ilikuwa afadhali, tarehe 6 Agosti saa mbili na nusu asubuhi hivi, mtu anaangalia huku anakunywa chai. Ikiwa ni ya usiku chaji kila kitu mchana na uwe na pawabanki, stima ikienda dakika hiyo hutairudisha.

Sasa kubwa kuliko yote: waambie watu KABLA kwamba hawataona roboti ikishuka. Watakachoona moja kwa moja ni chumba (cha Perseverance kilikuwa kule California), watu wamekaa mbele ya kompyuta (mwaka ule wamevaa barakoa kama sisi), na kando yake mchoro wa kompyuta. Mimi sikusema, mzee mmoja akangoja akangoja akasema mbona hawa wako ofisini tu, akaenda kulala, na hadi leo inaniuma kwa sababu alikuwa amekaa tangu saa nne. Waeleze hivi: kitu cha kuangalia ni nyuso za hao watu, wamefanya kazi miaka mingi na sasa hawawezi kugusa chochote.

Kwa nini hawawezi? Hapo ndio unaeleza ucheleweshaji, na usipouelewesha watu wanakosa utamu wote. Usiku ule ujumbe kutoka Mirihi ulichukua dakika 11 kufika, na kushuka kote kulichukua dakika 7. Mimi nilitumia mfano wa basi la Kampala, mtu anakutumia barua kwa basi, wewe unaposoma "ndio natoka nyumbani" yeye ameshafika alikokuwa anaenda. Kwahiyo tuliposikia imeingia kwenye hewa ya Mirihi, yenyewe ilikuwa imeshakaa chini kama dakika nne, nzima au imevunjika, na hakuna mtu duniani anajua ni ipi. Nilipomaliza kusema hivyo ua wote ulinyamaza.

Kazi yako basi ni ya VJ, yule mtafsiri wa filamu kwenye kibanda, unapunguza sauti, unatafsiri, unaongeza tena. Jifunze hatua mapema, kwa mfano za Perseverance: inaingia kwa mwendo wa karibu kilomita 20,000 kwa saa, ngao inashika moto wote, parashuti ya mita 21.5 inafunguka, halafu kitu kama krini chenye roketi kinaishusha kwa kamba. Ile sauti ya mwisho iliyosema imegusa chini ilikuwa ya Swati Mohan, injinia aliyezaliwa India, na hapo VJ unyamaze, acha watu wapige kelele wenyewe. Na nunua karanga! Kule maabara ya JPL, hapohapo California, wanakula karanga kila siku ya namna hii tangu chombo cha Mwezini Ranger 7 mwaka 1964, baada ya sita za kwanza kushindwa. Kavera (mfuko) moja ya karanga za kukaanga inatosha watu wanne.

Maswali yatakuja tu, usimcheke mtu. Akisema ni filamu, mweleze Schiaparelli, chombo cha Ulaya kilichoanguka Mirihi 19 Oktoba 2016, picha ya doa jeusi pale kilipogonga waliitoa wenyewe, anayetunga filamu hatungi aibu yake. Jirani yangu mmoja mama aliuliza hiyo hela si ingejenga hospitali, na banange hilo ni swali la haki kabisa, nilimjibu ninachojua, kwamba ni kama dola bilioni 2.7 za kodi ya Wamarekani, nyingi zinaishia kwenye mishahara ya mafundi hapahapa duniani. Leo ningemwongezea kwamba na sisi Uganda tulirusha setilaiti ya PearlAfricaSat-1 mwaka 2022, vijana wetu watatu waliitengeneza Japani, ilikuwa na kamera ya kuangalia ardhi yetu. Hakukubali yote, lakini hakuondoka.

Jiandae pia na kushindwa, maana Mirihi imekula nyingi. Ikitokea kimya usizime haraka, watu watataka kukaa kidogo, wape habari ya Beagle 2, chombo cha Waingereza cha kutua Mirihi, ilipotea Krismasi ya 2003 na ikaonekana kwenye picha 2015, ipo chini, imetua vizuri, mabawa yake ya sola tu hayakufunguka yote.

Ikifaulu, waite tena baada ya siku chache. Video ya kweli ya Perseverance ikishuka ilitoka tarehe 22, na hiyo ndio yule mzee aliiona, mara tatu. Ile parashuti ina mistari myekundu na myeupe yenye maneno yaliyofichwa, kila herufi imegeuzwa kuwa namba, na watu mtandaoni waliifumbua kwa saa chache tu. Siku hiyo weka karatasi na penseli. Watoto wetu walikaa chini wakaandika majina yao kwa mistari hiyohiyo hadi jioni.