Kujifunza Kurusha Ndege ya Kivita kwa Kampeni za Mafunzo kwenye Simuleta

Vijana wengi wa Arusha na wa hapa Moshi wanaoomba niwafundishe simuleta ya ndege za kivita, yaani programu ya kompyuta inayoiga urushaji wa ndege, hutaka kuanza na makombora. Mimi huwaanzisha na masomo ya kurusha ndege isiyo na silaha, na sharti langu ni kwamba hakuna somo linalorukwa, kwa kuwa rubani asiyeweza kushikilia kimo na kasi hawezi kulenga kitu chochote. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia marubani wa Marekani nao walipandishwa ngazi kwa ngazi: walianzia kwenye ndege nyepesi kama Stearman, wakaenda kwenye T-6 Texan, ndipo wakakabidhiwa P-51 Mustang. Hapa nitatumia simuleta iitwayo DCS World na ndege yake ya TF-51D, ambayo ni Mustang ya viti viwili isiyo na silaha na hupatikana bure.

Hatua ya kwanza: maandalizi

Programu hii ni nzito, makumi ya gigabaiti, kwa hiyo ipakue kwa bando la usiku. Ramani ya Caucasus huja nayo bila malipo na inatosha kwa mafunzo yote ya mwanzo. Kama umeme wa mtaani kwenu hukatika mara kwa mara, tafuta UPS kabla ya kutafuta jostiki ya bei kubwa.

Ukishaunganisha jostiki, ingia kwenye mipangilio na uwekee mielekeo ya pua na ya mabawa mkunjo (curvature, unaopunguza ukali wa jostiki karibu na katikati) wa kati ya 15 na 20, ili mkono ukitikisika kidogo ndege isiruke huku na kule. Kisha, ukiwa ndani ya ndege, bonyeza Ctrl ya kulia pamoja na Enter. Kitatokea kidirisha kidogo kinachoonyesha jostiki na pedali zilipo kila wakati, nacho kitakusaidia sana kutambua kwamba mkono wako unasukuma bila wewe kujua.

Hatua ya pili: kuruka sawa, na trimu

Hapa ndipo ninapowakawiza wanafunzi wangu. Panda hadi futi 3,000, weka nguvu ya injini mahali pamoja na usiiguse tena. Tuliza pua mpaka sindano ya kupanda na kushuka isimame kwenye sifuri, kisha subiri. Kasi huchukua muda kutulia, na anayezungusha gurudumu la trimu (kirekebisho kinachoshikilia pua mahali pake bila wewe kusukuma jostiki) kabla haijatulia atajikuta akilizungusha tena na tena bila mwisho. Kasi ikishasimama, zungusha trimu kidogo kidogo huku ukilegeza vidole, hadi uweze kuiachia jostiki kabisa na ndege ibaki pale pale. Ukiweza kuiachia kwa dakika nzima na kimo kisibadilike zaidi ya futi 100, umefaulu kwa kasi hiyo moja. Sasa punguza nguvu, subiri kasi mpya, na urudie kazi yote.

Mustang itakuonyesha jambo jingine: kila ukigusa nguvu ya injini, pua inahama kushoto au kulia, kwa sababu propela yake kubwa huivuta ndege upande mmoja. Angalia kigololo kilicho kwenye kipimo cha kona, na ukirudishe katikati kwa pedali, kisha kwa trimu ya usukani wa mkia. Mazoezi haya huchosha, na wengi huachia hapa, lakini kila somo linalofuata linasimama juu yake.

Hatua ya tatu: mzunguko wa uwanja

Chagua uwanja wa Kobuleti, ulio karibu na Bahari Nyeusi. Kabla ya kupaa, vuta jostiki nyuma ili gurudumu la mkia lijifunge na ndege isiyumbe. Ongeza nguvu taratibu hadi inchi 61 kwenye kipimo cha shinikizo la hewa inayoingia kwenye injini, kwa mizunguko 3,000 kwa dakika, ukikanyaga pedali ya kulia kadiri ndege inavyotaka kwenda kushoto, na usiharakishe kuinua mkia.

Panda hadi futi 1,000 juu ya uwanja, geuka, na uruke sambamba na njia ya kurukia. Magurudumu yateremshwe kasi ikiwa chini ya maili 170 kwa saa, na flapu (vibao vya nyuma ya mabawa vinavyosaidia ndege kuruka polepole) ziteremshwe zote kasi ikiwa chini ya 165. Ukielekea kutua shikilia 120. Katika mwendo huu wa polepole pua hutawala kasi, na nguvu ya injini hutawala jinsi unavyoshuka. Ukijiona uko chini mno, ongeza nguvu, usivute pua. Anayetaka kuona mzunguko huu kwa macho aende uwanja wa ndege wa Kisongo, Arusha, asubuhi, atazame ndege ndogo za Caravan za kwenda Serengeti zinavyopaa na kurudi.

Hatua ya nne: kampeni yenyewe

Sasa ingia kwenye kampeni ya mafunzo, yaani mfululizo wa misheni zinazofuatana, kwa mfano zile za A-10C, ndege ya kushambulia ardhini, zilizotengenezwa na Maple Flag. Katika DCS World kila misheni ya kampeni hutoa alama: zaidi ya 50 unasonga mbele, 50 kamili unabaki ulipo, chini ya hapo unarudishwa nyuma. Kipo kitufe cha kuipita misheni bila kuicheza, kiache. Ukishindwa, hifadhi rekodi ya safari hiyo na uitazame tangu mwanzo kabla ya kujaribu tena, kwa kuwa kosa la kutua mara nyingi lilianza kwenye kona ya mwisho.

Hatua ya tano: kona kali, kisha silaha

Ukilaza mabawa nyuzi 60 bila kupoteza kimo, mabawa hubeba uzito mara mbili, na kasi ambayo ndege huanza kuanguka hupanda kwa asilimia 41: iliyokuwa 100 inakuwa 141. Fanya kona hizi kushoto na kulia ukiwa juu ya futi 8,000, hadi kimo kisiyumbe. Baada ya hapo fungua Su-25T, ndege ya Kirusi ya kushambulia ardhini, ambayo nayo ni ya bure, na safari zako za mwanzo ziwe za kupaa, kuzunguka na kutua bila bomu hata moja chini ya mabawa.